Miezi Mitatu ya Zahanati

Mwezi Julai, Chanji ni baridi ya kuvaa masweta mawili. Mdogo wangu alikuwa amekaa jikoni karibu na jiko la mkaa, anakagua orodha ya vitu vya kwenda navyo kidato cha tano: godoro, ndoo, jembe, fagio la chelewa, rimu ya karatasi. Amepangiwa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, njia ambayo wengi wetu tunaoutaka udaktari hupitia. Akaniuliza mimi niliye mwaka wa nne: "Kaka, nijiandae vipi niwe daktari?"

Nilimjibu bila kufikiri. Tafuta pasti pepa za miaka kumi. Usiikimbie Fizikia, ndiyo inayoangusha watu. Praktiko ya Kemia uijue hata usingizini. Akaandika yote kwenye karatasi ile ile, chini ya jembe na fagio. Kisha akauliza, "Na wagonjwa je?"

Nikacheka. Nikamwambia wagonjwa atawakuta mbele ya safari, mwaka wa tatu.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimempa jibu sahihi, na jibu lenyewe ni aibu yetu sote.

Huko Marekani mtu humaliza kwanza shahada nyingine, akafanya mtihani uitwao MCAT, ndipo aombe kusomea udaktari. Kwetu hakuna hatua hiyo. Kijana wa miaka kumi na tisa au ishirini anafanya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei, na kabla mwaka haujaisha yuko Muhimbili, Bugando, KCMC, Dodoma au Mbeya, ameanza miaka mitano ya masomo, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Kwa kawaida hakuna anayemwita kwenye usaili. Hakuna anayemuuliza kama amewahi kukaa na mgonjwa. Maandalizi yake yote ni ile miaka miwili, na miaka hiyo hupimwa kwa herufi tatu kwenye karatasi.

Sisemi herufi hizo hazina maana. Asiyejua Kemia ni mtu wa hatari akishika dawa. Ninachosema ni kwamba herufi zile zinapima vitu viwili kwa pamoja, kichwa cha mwanafunzi na maabara ya shule yake, nasi tunajifanya zinapima kichwa tu. Mimi nilianza shule ya kata ambako praktiko ya Kemia ilikuwa mwalimu mmoja, bureti moja, na sisi themanini tukichungulia mabegani mwa wenzetu. Nikafika kidato cha tano kwenye shule ya bweni yenye maabara kamili kwa sababu baba mdogo alilipa. Sikuwa na akili kuliko wenzangu. Nilikuwa na baba mdogo.

Rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja hakuwa na mtu wa kumlipia. Mama yake alikuwa na kisukari na kidonda cha mguu kisichopona. Kwa miaka miwili rafiki yangu alikiosha kidonda kile alfajiri kabla ya shule, akajua saa za insulini, akajua namna ya kumbembeleza mtu aliyekata tamaa mpaka akala. Manesi walimzoea. Alipofika kidato cha tano, shule aliyopangiwa ilikaa mihula miwili bila mwalimu wa Fizikia. Akafaulu vizuri Baiolojia na Kemia, Fizikia ikamwangusha. Fomu ya maombi haikuwa na mahali pa kuandika habari za kile kidonda. Leo anakata tiketi za mabasi.

Mimi, aliyechaguliwa, siku yangu ya kwanza wodini niliambiwa nimgeuze mzee aliyepooza upande mmoja. Misuli yote ya mgongo wake nilikuwa naijua kwa Kilatini. Sikujua mkono uanzie wapi. Nikasimama. Mzee mwenyewe ndiye aliyenihurumia: "Anza na bega, mwanangu."

Basi hoja yangu ni hii. Kila anayeomba kusomea udaktari katika nchi hii akae kwanza miezi mitatu kwenye zahanati iliyo karibu na kwao. Asichome sindano wala asigawe dawa. Apime watoto uzito, apange kadi za kliniki, afagie, ashike mtoto anayelia akichanjwa, amsindikize bibi asiyeona vizuri hadi dirisha la dawa. Mwishoni mganga mfawidhi na muuguzi wajaze fomu, kila mmoja ya kwake, na fomu hizo zihesabiwe pamoja na zile herufi tatu.

Najua mtasema haiwezekani. Nchi hii tayari inajua kuwakusanya wahitimu wa kidato cha sita: utaratibu wa kuwapeleka JKT kwa mujibu wa sheria ulirudishwa mwaka 2013. Mwenye nia ya udaktari na alitumikie taifa zahanati. Wala wazo si geni. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza watu wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu, tena kwa kupendekezwa na pale walipofanya kazi. Nalo lilikuwa na madhara yake: idadi ya wasichana vyuoni ilishuka mpaka wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja, na barua ya chama iliweza kuwa kitanzi shingoni mwa mtu. Ndiyo maana nasema miezi, sisemi miaka, na nasema karibu na nyumbani.

Wengine watasema wenye nacho watanunua hizo fomu. Hofu hiyo ina msingi. Marekani kwenyewe, kumfuata daktari kazini ni rahisi zaidi kwa mtoto ambaye wazazi wake wanawafahamu madaktari. Lakini nani hanunui leo? Tuisheni inanunuliwa, maabara inanunuliwa, shule ya bweni ilinunuliwa kwa ajili yangu, na hakuna aliyeiita rushwa. Zahanati angalau ina rejista ya mahudhurio, na kijiji kizima kinaona nani alikuja na nani hakuja.

Na wapo watakaosema mambo hayo yatafundishwa chuoni. Yanafundishwa, ndiyo, ila wakati huo mtu ameshakula mkopo wa Bodi na kukalia kiti cha mwenzake. Nimesoma na watu waliogundua mwaka wa tatu kwamba hawaiwezi harufu ya wodi. Si kosa lao. Hakuna aliyewapa nafasi ya kujua mapema.

Kwa sisi wa Rukwa jambo hili lina uzito zaidi. Sumbawanga, watu husema, maana yake ni tupa uchawi, na chuoni sipiti wiki bila kutaniwa kwamba kwetu hatuhitaji madaktari kwa kuwa tuna wetu. Utani huo huo ndio unaomfanya mtu aombe abadilishiwe kituo kabla hajapanda basi la Tunduma. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziwachukue wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Japani ina chuo cha udaktari cha Jichi, kilichoanzishwa mwaka 1972, kinachochukua wanafunzi kutoka kila mkoa na kuwarudisha wakautumikie mkoa uliowatoa. Sisi kwenye ukanda huu tuna mfano wa zamani zaidi. Adrian Atiman alitekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya 19. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Kukaa kwa namna hiyo hakuna mtihani wa Fizikia unaokupima.

Zahanati ndiyo maabara pekee ambayo mtoto wa Chanji hayuko nyuma ya mtoto wa Dar es Salaam. Ndiyo tuliyoamua isihesabiwe.

Asubuhi nilimwomba mdogo wangu ile karatasi. Juu ya pasti pepa nikaandika: zahanati. Tukaenda wote wawili. Mganga mfawidhi alitusikiliza, akamtazama binti, akasema Jumatatu kuna kliniki ya watoto, aje saa moja na nusu amevaa viatu vya kufunika. Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya safari yake ya shule.

Siku tisa ndizo nilizoweza kumpatia mimi. Miezi mitatu ni ya Wizara ya Afya na Tume ya Vyuo Vikuu, na wanaweza kuianza kwa wahitimu wa mwakani.