Nani anampandishia mshahara aliyejiajiri?

Mei Mosi ya mwaka 2025, kwenye sherehe zilizofanyika kitaifa mkoani Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai. Hilo ni ongezeko la asilimia 35.1. Sekta binafsi nayo ikapata amri mpya ya kima cha chini, iliyoanza kutumika Januari 2026.

Habari hizo tulizisoma hewani. Lakini wengi wanaotusikiliza hawana mwajiri wa kuwapandishia chochote. Ni wapiga picha za harusi, mafundi cherehani, mafundi umeme, washereheshaji na vijana wanaotengeneza matangazo kwa simu. Nauli ikipanda, inapanda kwao pia. Bei ya kazi yao wanaipanga wenyewe, na wengi wao wameiacha pale ilipokuwa miaka mitatu iliyopita.

Sisi watangazaji wa mikoani tunalijua hili kwa sababu tumo humo humo. Jumamosi tunashika kipaza sauti ukumbini, katikati ya wiki tunarekodi tangazo la duka la mtu. Tukiulizwa bei, tunataja ile ambayo mteja hatashtuka, halafu tunarudi nyumbani tukijilaumu.

Hesabu ya mpiga picha

Tuchukue mfano wa kubuni wa mpiga picha wa mjini anayetoza shilingi 80,000 kwa shughuli moja, iwe sendofu au harusi. Kwa mwezi anapata shughuli nane. Hawezi kufanya nyingi zaidi ya hizo, maana kila shughuli inakula siku moja ya ukumbini na siku mbili za kuhariri. Hiyo ni siku 24 za kazi.

Mkononi inaingia shilingi 640,000, na hapo ndipo anapojiona amemzidi mtumishi wa kima cha chini.

Sasa tutoe. Nauli, bodaboda, bando, umeme na matengenezo madogo ni 150,000. Kamera, lenzi na taa zake zilimgharimu 3,600,000, na zikifanya kazi miaka mitatu bila kuharibika, kila mwezi zinakula 100,000. Pesa hiyo haionekani ikitoka, lakini siku kamera ikifa itadaiwa yote kwa mkupuo. Kinachobaki ni 390,000.

Mtumishi wa umma wa kima cha chini ana 500,000 kabla ya makato. Juu ya hapo mwajiri anamchangia asilimia 15 ya mshahara kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 75,000. Jumla ni 575,000. Ana likizo yenye malipo, na akiugua mshahara haukatiki siku hiyo hiyo. Mwajiriwa wa sekta binafsi naye anahesabiwa likizo ya siku 28 kwa mwaka chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Mpiga picha wetu akitaka kulingana tu na mtumishi huyo, lazima kila mwezi apate 575,000 na 250,000 za gharama, yaani 825,000. Kwa mwaka ni 9,900,000. Akijipa mwezi mmoja wa kupumzika au kuugua, kiasi hicho anakipata kwa miezi 11, sawa na 900,000 kwa mwezi. Gawanya kwa shughuli nane: 112,500 kwa kila shughuli.

Hapo hajalipwa chochote kwa ustadi wake. Amefikia kima cha chini tu. Anapotoza 80,000, kila shughuli inampunguzia 32,500 kutoka kwenye uzee wake, matibabu yake na kamera yake ijayo.

Bei ya undugu

Kwa nini basi hapandishi? Wengi hujibu kwamba wateja watakimbia, na hofu hiyo ina msingi. Mjini kwetu watu wanafahamiana. Mteja ni shemeji wa jirani au mtu wa kwaya moja. Anakuja na maneno tunayoyajua sote: nisaidie tu ndugu yangu, kamati haina pesa, ukifanya vizuri watu watakuona. Nyuma yako yupo kijana aliyenunua kamera juzi, yuko tayari kwa 50,000.

Undugu ni jambo jema, na hatumwambii mtu auvunje. Tunachosema ni kwamba msaada ujulikane kuwa ni msaada. Mwambie shemeji bei kamili ni 112,500, na wewe unachangia harusi kwa kumpunguzia 30,000. Hapo mchango wako unaonekana, na yule atakayeelekezwa kwako kesho ataijua bei halisi. Ukikaa kimya ukatoza 82,500, hiyo ndiyo inakuwa bei yako mji mzima.

Kuhusu kijana wa 50,000, dawa si mafundi kukutana na kupanga bei moja. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kukubaliana bei. Lakini hakuna kinachozuia kumfundisha hesabu hii. Wengi wanaotoza bei ya chini hawana hila. Hawajawahi kugawa bei ya kamera kwa miezi.

Makato na maandishi

Anayefanya kazi na taasisi akumbuke kodi ya zuio. Kwa huduma zinazotolewa na mkazi wa Tanzania, mlipaji hukata asilimia 5 na kuiwasilisha TRA. Kwenye 112,500 inakatwa 5,625, unapokea 106,875. Pesa hiyo haijapotea, kwa kuwa inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, mradi udai hati ya zuio. Wengi hawaidai.

Pia andikeni makubaliano. Makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba halali, tatizo ni kuyathibitisha siku mteja akigeuka. Ujumbe wa simu unaotaja kazi, tarehe, bei na siku ya kulipa ni bora kuliko kumbukumbu, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua ushahidi wa aina hiyo. Omba malipo ya awali kabla ya siku ya shughuli. Mteja anayekataa kabisa kutanguliza chochote anakupa taarifa muhimu mapema.

Kupandisha kwa hatua

Hatudai kila mtu apandishe kesho asubuhi. Kuna miji ambako 112,500 haipo, na kuna miezi ya mvua au ya mfungo ambapo shughuli zinakauka. Njia yenye hatari ndogo ni kuanza na mteja mpya, asiyejua bei ya zamani. Mteja wa siku nyingi aambiwe mapema kwamba kuanzia mwezi fulani bei itabadilika, na aambiwe kwa nini. Ambaye hawezi kabisa apunguziwe kazi kabla ya kupunguziwa bei: picha chache, saa chache, bila albamu.

Watumishi walipata tangazo lao pale Singida. Aliyejiajiri ana daftari na kalamu. Aandike gharama zake za mwezi uliopita, pamoja na ile ya kamera au cherehani inayochakaa, agawe kwa idadi ya kazi alizofanya, kisha alinganishe na bei aliyoitaja kwa mteja wa mwisho.