Kunyanyua vigari Mandewa: Sentimeta mbili zinatosha, tano ni hatari

GARI dogo la Toyota Vitz au IST likishafika Singida kutoka bandari ya Dar es Salaam, safari yake ya kwanza mara nyingi si ya ofisini wala sokoni. Ni ya kwenda kwa fundi, ili linyanyuliwe.

Kwa mkazi wa Mandewa, mojawapo ya kata za Manispaa ya Singida, jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Kata hiyo imekuwa ikipokea nyumba mpya mwaka hadi mwaka, na ndiko ilikojengwa hospitali ya rufaa ya mkoa, hivyo wagonjwa, wauguzi na wafanyabiashara hupita humo usiku na mchana. Lakini anayeiacha barabara kuu na kuingia mitaani hukutana na udongo wa kichanga, vichwa vya mawe ya granite ambayo ndiyo sura ya Singida yote, na makorongo yanayochimbwa na mvua za kuanzia Desemba hadi Aprili. Gari lililobuniwa kwa ajili ya mitaa ya Tokyo na Nagoya hugusa chini kabla halijafika getini.

Vijana wa Japani, Ulaya na Marekani wanaopenda mapambo ya magari hutumia fedha zao kuyashusha vigari vya namna hiyo hadi bampa likaribie kulamba lami. Huko gari lililo chini ndilo lenye heshima. Singida, heshima ya gari ni kusimama juu, na anayedharau hoja hiyo kuwa ni ushamba hajawahi kupasua sampu ya oili saa mbili usiku akiwa na mgonjwa kiti cha nyuma.

Itakumbukwa kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 safari ya Singida kwenda Dodoma, umbali wa takriban kilometa 240, bado ilikuwa ya vumbi, na mlima Sekenke upande wa kwenda Nzega ulikuwa ukiogopwa na madereva wa malori. Magari yaliyotamba mkoani humo wakati huo yalikuwa Land Rover, Land Cruiser na pikapu. Lami ilipotandazwa kwenye barabara ya kati, na baadaye, mwanzoni mwa muongo wa 2010, kwenye barabara ya kwenda Babati, gari dogo likapata maana: linakula mafuta kidogo, spea zake zimejaa, na mtumishi wa mshahara wa kati anaweza kulimudu.

Mfumo wa kodi nao ulisukuma upande huo huo. Kwa miaka mingi ushuru wa bidhaa kwa magari yanayoagizwa nje umepangwa kwa ukubwa wa injini, ule usiozidi cc 1,000 ukipata nafuu kuliko wote. Vitz ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1999, ilikuja na injini ya cc 997. IST iliyofuata mwaka 2002 ilikuwa na injini za cc 1,300 na 1,500. Wakazi wa mijini wakayatania magari haya kuwa ni "bebi woka", kisha wakayanunua.

Kwa maneno mengine, lami ya barabara kuu ndiyo iliyoileta Vitz Mandewa, na Vitz ikakuta mitaa bado haijabadilika.

Hapo ndipo suala hili linapogusa mfuko wa umma. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na badala yake ikaongeza Sh40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta. Mwaka huo huo ulianzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ambao ulichukua kazi ya barabara za mitaa kutoka kwa halmashauri. Mwaka 2021 aliyekuwa Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, ambaye pia ni mwana wa Singida na mbunge kutoka Iramba, aliwasilisha bajeti iliyoongeza Sh100 nyingine kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za aina hiyo.

Mwenye Vitz wa Mandewa, basi, huilipia barabara kila anapojaza mafuta, kisha huenda kwa fundi kuilipia mara ya pili. Malipo hayo ya pili hayana risiti wala hayaonekani katika kitabu chochote cha bajeti, na ndiyo yenye hatari kubwa zaidi kwa maisha yake.

Njia ya rahisi kuliko zote ni mipira. Fundi huchukua vipande vya mpira mgumu na kuvibana katikati ya duru za springi. Kazi huchukua chini ya saa moja na gari husimama. Tatizo ni kwamba springi imetengenezwa ili kila duru ijikunje sawasawa, na mpira unapozuia duru moja au mbili, mzigo wote unahamia kwenye zile zilizobaki. Springi inakuwa ngumu, gari linaruka badala ya kumeza mashimo, na chuma kinachoka mahali pamoja hadi kinakatika. Mwenye gari akiuliza kwa nini gari limeanza kumchosha kiuno, huambiwa kwamba ndiyo hali ya gari lililonyanyuliwa. Si kweli.

Njia ya pili ni spesa, yaani kipande cha chuma, alumini au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya shokapu za mbele na juu au chini ya springi za nyuma. Spesa iliyochongwa vizuri haiharibu springi. Lakini inasogeza kila kitu kilichofungwa kwenye gurudumu. Ekseli za mbele, ambazo kiwandani zililazwa karibu na usawa, sasa zinaning'inia kwa pembe kali, na sivii jointi zinafanya kazi mwishoni mwa uwezo wake. Mpira unaozifunika unachanika, vumbi la Singida linaingia kwenye grisi, na baada ya muda dereva anasikia "ka-ka-ka" kila anapokata kona. Boljointi na tairodi nazo huvutwa kuelekea chini, na magurudumu ya mbele hubadilisha mwelekeo, hata tairi likaliwa upande mmoja kabla ya wakati.

Nyuma kuna tatizo jingine ambalo mafundi wengi hulinyamazia. Katika Vitz na IST za kwanza springi ya nyuma imekaa peke yake, mbali na shokapu. Ukiinua springi bila kushughulikia shokapu, shokapu inabaki imenyooka karibu kufikia mwisho wake. Gurudumu linapotumbukia shimoni halina tena pa kushukia, hivyo shokapu inagonga mwisho kwa nguvu na kuanza kuvuja. Fundi atasema shokapu za siku hizi ni feki. Huenda zipo feki, lakini hii iliuawa na spesa.

Njia ya tatu ni matairi, na hapa ndipo hesabu inapomsaidia mwenye kipato kidogo. Namba zilizoandikwa ubavuni mwa tairi zinatosha kujua gari litapanda kiasi gani. Tairi la 165/70R14, mojawapo ya saizi zinazopatikana kwenye Vitz, lina kipenyo cha takriban milimita 587. Tairi la 185/70R14, linaloingia kwenye rimu ya inchi 14 vilevile, lina milimita 615 hivi. Tofauti ni milimita 28, na kwa kuwa nusu tu ya kipenyo ndiyo iliyo chini ya ekseli, gari linapanda kwa milimita 14.

Sentimeta moja na nusu inaweza kuonekana ndogo, lakini faida yake ni kwamba hakuna pembe ya ekseli iliyoguswa. Sampu, ekseli na mkono wa chini vyote vimepanda pamoja, jambo ambalo spesa haiwezi kulifanya, kwa sababu spesa huinua bodi na injini huku mkono wa chini upande wa gurudumu ukibaki pale pale ulipokuwa. Gharama yake ni kwamba kipimo cha mwendo kitadanganya kwa karibu asilimia 5: dereva anayesoma kilometa 50 kwa saa kwenye eneo la makazi anakwenda 52. Aidha, ni lazima usukani ukatwe hadi mwisho pande zote mbili, gari likiwa na abiria, kuhakikisha tairi haligusi fenda.

Inafaa kukumbuka kwamba Toyota wenyewe walishafanya kazi hiyo. IST ilijengwa juu ya msingi wa Vitz, ikapewa bodi mpya na matairi makubwa zaidi, 185/65R15, yenye kipenyo cha milimita 621. Ukilinganisha na tairi lile la Vitz, ekseli ilipanda kwa milimita 17. Kampuni yenye wahandisi na viwanja vya majaribio, ilipotaka gari dogo lionekane limesimama, iliridhika na chini ya sentimeta mbili upande wa matairi. Fundi wa kando ya barabara anayeahidi tano kwa mchana mmoja anapaswa kuulizwa anajua nini ambacho wao hawakukijua.

Hatari hiyo haionekani Mandewa, ambako mwendo ni wa taratibu. Inaonekana siku gari hilo hilo linapopakia abiria watano na magunia ya vitunguu kwenda Dodoma. Singida ni mkoa wa upepo, kiasi kwamba miradi ya kufua umeme wa upepo imekuwa ikipangwa huko kwa miaka mingi. Gari jepesi lenye ubavu mrefu na uzito uliopandishwa juu husukumwa na upepo huo, hasa linapotoka kwenye kivuli cha lori wakati wa kulipita.

Ikichukuliwa kwamba nafasi kati ya magurudumu ya kushoto na kulia ni sentimeta 146, na kitovu cha uzito kiko sentimeta 55 kutoka ardhini, kukipandisha kwa sentimeta nne kunapunguza uwezo wa gari kujizuia kupinduka kwa takriban asilimia 7. Ongeza mizigo juu ya paa, matairi ya mtumba yaliyokauka, na dereva anayekwepa mbuzi kwa ghafla, na asilimia hiyo si ndogo tena. Vitz nyingi za zamani hazina mfumo wa kielektroniki wa kulirudisha gari kwenye mstari.

Mwenye bajeti finyu afanye nini basi? Aanze na kile ambacho wengi hawakifikirii: kulirudisha gari mahali lilipokuwa. Gari lililotembea miaka 15 au 20 lina springi zilizolala, bushi zilizokufa na shokapu zisizoshika. Springi na shokapu nzima za saizi ya kiwandani hurudisha kimo kilichopotea bila kubadilisha pembe yoyote, na huzuia lile zamisho la ghafla ambalo ndilo hasa linalogongesha chini. Gari linaweza kuwa juu likiwa limesimama na bado likagonga kila shimo, kwa sababu tu shokapu zimekwisha.

Kisha kinga ya chuma chini ya injini. Bamba lililokatwa na kuchomelewa vizuri katika karakana yoyote ya mjini huokoa sampu na gia boksi, na haliongezi hata milimita moja ya kimo. Ni ajabu kwamba watu hutoa fedha za rimu zinazong'aa kabla ya bamba hilo. Baada ya hapo ndipo yafuate matairi yenye ubavu mnene. Anayeona bado hakutoshi, spesa ya sentimeta mbili, mbele na nyuma, ndiyo iwe mwisho, na shokapu za nyuma ziendane nayo.

Upande wa sheria, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha chombo kibovu au cha hatari, na mwenye bima kubwa anatakiwa kuieleza kampuni yake mabadiliko ya msingi aliyoyafanya kwenye gari. Wachache hufanya hivyo. Wengi wana bima ndogo, ambayo humlipa aliyegongwa na haimrudishii mwenye gari kitu.

Lolote litakalochaguliwa, kazi haijakwisha fundi anaposhusha jeki. Magurudumu ya mbele ni lazima yapangwe upya, na kuyapanga kwa uzi na jicho, kama inavyofanyika katika gereji nyingi, ni afadhali kuliko kutoyapanga, lakini mashine hupima kile ambacho jicho halikioni. Taa nazo zielekezwe upya, kwani mbele ikipanda kuliko nyuma, mwanga humpiga usoni dereva anayekuja. Fundi makini huchukua futi na kupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, kabla ya kazi na baada yake, kisha humtaka mteja arudi baada ya kilometa 500 ili nati zikazwe tena.