Gitaa liingie chuo cha ufundi

KUTOKA WOTE
Na Nduku Musau

Mwaka 1985 kampuni ndogo ya santuri iitwayo Rounder, huko Massachusetts, Marekani, ilimpa mkataba binti wa miaka 14 aliyeimba na kupiga fidla. Jina lake Alison Krauss. Mwaka 1989 kampuni hiyo hiyo ikatoa The Nairobi Beat, mkusanyiko wa nyimbo za Kenya, za Wakamba zikiwemo. Binti yule leo ana tuzo 27 za Grammy, na hadi Beyoncé alipompita, hakuna mwanamke aliyewahi kuwa na nyingi kumzidi. Na wapigaji wetu? Muulize kijana wa Mwingi au wa Kibwezi akutajie mpiga gitaa mmoja tu wa Ukambani wa miaka hiyo, uone atakavyokukodolea macho.

Najua jibu litakalonijia kwanza: yule ni Mmarekani, sisi ni watu wa Ukambani, pesa hazilingani. Ni kweli, lakini halijamaliza maneno. Bluegrass anayoimba Krauss si muziki wa mabwanyenye. Ni muziki wa wakulima na wachimba makaa wa milimani, wa fidla, banjo, mandolini na gitaa, ambao watu wa mjini waliucheka kwa miaka mingi kuwa wa washamba. Banjo yenyewe ina asili ya Afrika Magharibi. Ilifika kule na watumwa. Bill Monroe wa Kentucky, anayeitwa baba wa muziki huo, alijifunza utotoni kwa kuandamana na mjomba wake mpiga fidla kwenda kwenye dansi za kijijini, na kwa kupiga pamoja na Arnold Shultz, mwanamuziki mweusi wa eneo lile. Hakukuwa na utajiri hapo. Kulikuwa na mtu mzima mwenye ujuzi aliyekubali mtoto amfuate.

Tazama sasa jinsi Krauss alivyopanda. Alishika violini akiwa na miaka mitano. Akaingia mashindano ya fidla, na akiwa na miaka 13 akawa bingwa katika tamasha la Walnut Valley mjini Winfield, Kansas. Mwaka uliofuata akapata mkataba. Albamu ya kwanza ilitoka 1987. Mwaka 1993 akapokewa kuwa mwanachama wa Grand Ole Opry, jukwaa la redio la Nashville lililokuwako tangu 1925. Albamu iliyompa umaarufu kwa watu wasiojua bluegrass, ile iliyouza nakala zaidi ya milioni mbili, ilitoka 1995. Hesabu mwenyewe: kutoka mkataba hadi mauzo makubwa ni miaka 10. Katika miaka hiyo kulikuwa na mwalimu, mashindano, kampuni iliyovumilia na redio iliyompa nafasi. Kipaji chake sikipunguzi hata chembe, ila kipaji hicho kilipata pa kukanyaga kila kilipoinua mguu.

Mwaka ule ule wa 1987 Krauss alipotoa albamu yake ya kwanza, sisi tulimzika Kakai Kilonzo. Alizaliwa 1954, akaongoza Les Kilimambogo Brothers, akaimba Kikamba na Kiswahili hadi nyimbo zake zikachezwa Kisumu na Mombasa na watu wasiojua neno la Kikamba. Alikuwa na miaka 33 hivi. Nani alikuwa amepangiwa kuchukua nafasi yake? Hakuna. Wenzake waliendelea walivyoweza, na kaseti za wizi zikawala wasanii wote wa kizazi kile. Vivyo hivyo kwa Kalambya Sisters, waliotikisa Kenya nzima na wimbo wao Katelina miaka ya 1980. Sauti zile nyembamba za wasichana bado zinatambulika mara moja zikipigwa, lakini hapajatokea hapa kwetu mahali ambapo msichana angejifunza kuimba namna ile.

Si kwamba muziki umekauka. Nafasi ambayo kwa bluegrass hushikwa na fidla, kwetu inashikwa na gitaa la solo, na gitaa hilo halijanyamaza. Washa Musyi FM au Mbaitu FM saa yoyote. Pita Emali au Mtito Andei Ijumaa usiku. Ngui wetu, yaani waimbaji, wanafanya kazi: harusi, harambee, klabu, na msimu wa kura ndio usiseme. Wengi wanaishi kwa kutaja majina. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anatajwa, mwenye basi anatajwa, mheshimiwa anatajwa na mke wake, na kila anayetajwa anajua wajibu wake. Siwalaumu. Waswahili walisema mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa huko ndiko kunakolipa karo. Lakini matunzo hayo humfikia mtu aliyekwisha kuwa mchezaji. Huyu anayejifunza kwenye gitaa lenye nyuzi nne kati ya sita hatunzwi na yeyote.

Hata sheria tulizopigania zinafanya hivyo hivyo. Marekebisho ya sheria ya hakimiliki ya 2022 yalimpa msanii angalau asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu, na ni jambo jema. Mwaka 2017 tuliona mvutano wa leseni kati ya bodi ya hakimiliki na chama cha hakimiliki za muziki, MCSK, kuhusu nani akusanye mirabaha, na mivutano ya aina hiyo haijatuacha. Yote hayo ni mabishano juu ya kugawana pesa za wimbo uliokwisha kurekodiwa. Wimbo ambao haujaimbwa bado, wa mtoto wa Mutomo au wa Nunguni, haumo katika kikao chochote.

Hapa ndipo nawageukia magavana wetu wawili, wa Makueni na wa Kitui. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya utamaduni na burudani za umma. Jedwali lilo hilo linazipa vyuo vya ufundi vya vijijini. Kazi zote mbili ziko mikononi mwa serikali moja, na bado hazijakutanishwa. Katika vyuo hivyo vijana wetu wanafunzwa ushonaji, useremala, umakanika na uchomeleaji. Nani alisema kupiga gitaa si ufundi? Kufunga vipaza sauti, kurekodi, kutengeneza amplifaya iliyoungua: haya yote ni kazi za mikono zenye wateja kila wikendi kuanzia Kyuso hadi Sultan Hamud.

Basi pendekezo langu ni hili. Kila kaunti ichague vyuo vichache, ianzishe kozi ya muziki na vyombo, na walimu wawe wale wazee waliopiga solo, ridhimu na besi miaka ya themanini na tisini. Msiniambie hawana vyeti. Kenya sasa ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunza ujuzi wake kazini. Wazee hao wapimwe, wapewe karatasi, walipwe mshahara. Na akina mama wanaoongoza ngoma za kilumi nao waitwe, kwa sababu mdundo wa magitaa yetu haukuanguka kutoka mbinguni.

Pili, kuwe na mashindano ya kila mwaka ya mpigaji mmoja mmoja, kwa umri, kutoka wadi hadi kaunti, na fainali ichezwe kwa zamu: mwaka huu Wote, mwaka ujao Ithookwe, uwanja ule ule uliopokea taifa zima Mashujaa Dei ya 2025. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwako tangu 1927 na limewafaa wanafunzi wengi, lakini ukimaliza shule, limekwisha. Tatu, washindi warekodiwe kwa gharama ya kaunti, na haki za wimbo zibaki kwa mwenye wimbo.

Naongeza sharti moja, na hili silegezi: wimbo wowote wa mashindano unaomtaja mwanasiasa aliye hai uondolewe papo hapo. Uchaguzi wa 2027 uko mlangoni. Tusipoweka sharti hilo, tutakuwa tumejenga kiwanda cha nyimbo za kampeni kwa pesa ya umma.

Msomaji wa Kathonzweni atanikatiza: Nduku, sisi tunachimba mchanga wa mto kutafuta maji, wewe unazungumzia gitaa? Ana haki ya kuuliza. Wala sitaki hata shilingi ya bomba iguswe. Lakini kila sherehe ya kaunti inakodi hema, jukwaa na mitambo ya sauti, na hakuna anayesimama kusema maji kwanza. Pesa ya siku moja ya vumbi na hotuba ingeweza kununua magitaa ya chuo kizima. Isitoshe, miaka ambayo mvua ya Novemba imetukataa ndiyo miaka ambayo kijana wa Ukambani huhitaji zaidi kazi isiyotegemea mawingu. Akikosa, hupanda basi la Nairobi au la Mombasa na kuwa bawabu.

Makueni imesifiwa hadi nje ya nchi kwa namna inavyowashirikisha wananchi katika bajeti, kuanzia kijijini. Sifa hiyo itumike. Makadirio ya bajeti yanapaswa kufika katika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na kabla ya hapo kuna mikutano ya wadi, Makueni na Kitui pia. Wewe uliye na mtoto anayegonga sufuria tangu asubuhi, nenda mkutanoni. Inua mkono baada ya aliyeomba barabara na kabla ya atakayeomba zahanati. Omba kozi ya gitaa, taja chuo, taja na mzee wa kijijini kwenu anayefaa kuifundisha, na hakikisha karani ameandika.