Wapiga picha wa Bongo, kuremba picha mnaweza. Kuzitunza je?

Kuna dada mmoja wa Dar, jina kapuni, alifunga ndoa miaka minne iliyopita. Picha zake zilitoka kali kweli, mtandaoni watu walisifia mpaka basi. Mwaka huu mama yake mzazi amefariki. Familia ikatafuta picha ya marehemu ya kuweka mbele ya jeneza, na wote wakakubaliana kwamba nzuri kuliko zote ni ile ya siku ya harusi: mama kakaa meza kuu, anacheka.

Dada akampigia simu mpiga picha. Jibu alilopewa: "Pole sana na msiba, dada. Ile orijino sina tena, nilisevu juu yake."

Iliyobaki ni iliyorembwa. Ngozi imelainishwa mpaka makunyanzi yote yamekwisha, na ile alama ya shavuni ambayo kila mtu pale mtaani alimjua nayo imefutwa. Mjukuu akauliza, "Huyu ndiyo bibi?"

Mpiga picha huyo si mtu mbaya, na Photoshop anaijua. Tatizo lake, na la wenzake wengi mjini, ni kufanya kazi zote kwa programu moja ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya kutunza. Photoshop ipo sokoni tangu 1990 na kazi yake ni kushughulikia picha moja moja: kufuta kitu, kubadili mandhari ya nyuma, kuunganisha. Haijui harusi ya nani ilikuwa lini. Lightroom ilikuja 2007 kwa sababu wapiga picha walikuwa wanazama kwenye maelfu ya mafaili.

Chukua mfano wa fundi nguo. Photoshop ni mkasi na cherehani. Lightroom ni kabati pamoja na daftari la vipimo. Ukiongeza mwanga au ukibadili rangi ndani ya Lightroom, haikati kitambaa, inaandika tu kwenye daftari kwamba picha hii iongezwe mwanga kiasi fulani. Orijino inabaki ilivyotoka kwenye kamera. Hata baada ya miaka kumi unaweza kurudi mwanzo.

Sasa utamu uko kwenye kuzitumia zote mbili, na mpangilio ndiyo kila kitu. Picha zikitoka kwenye memori kadi ziingie kwanza kwenye kabati. Zipewe jina la tukio na tarehe, mbovu zichujwe, rangi na mwanga virekebishwe humo humo. Kwenye harusi yenye picha mia nane, zinazohitaji Photoshop kweli huenda ni ishirini za albamu. Hizo zitumwe kutokea ndani ya Lightroom yenyewe, kwa amri yake ya kufungua picha kwenye Photoshop. Ukimaliza na kusevu, inapatikana nakala mpya inayokaa kando ya orijino, na zote mbili zinaonekana kwenye kabati. Hakuna kilichofutwa.

Wanaoharibu ni wale wa njia za panya. Anaingia kwenye folda mwenyewe, anafungua JPEG, anaremba, anabonyeza sevu. Orijino kwaheri. Mwingine anahamisha mafolda nje ya Lightroom, halafu programu ikimwambia picha haionekani, anailaumu programu. Na wapo wanaoamini kwamba wakitunza nakala ya katalogi ya Lightroom wametunza picha. Katalogi ni daftari tu, picha zenyewe hazimo. Zinataka nakala yao kwenye diski nyingine, na ikiwezekana diski hiyo ikae nyumba nyingine.

Watasema programu hizi zinalipiwa kila mwezi na wateja wa siku hizi wanalalia bei. Ni kweli, lakini digiKam ya kupanga na GIMP ya kuremba zote ni za bure, na mtindo ni ule ule: panga kwanza, remba nakala, orijino usiiguse. Wengine watasema mteja hajali orijino, anataka ngozi ing'ae. Siku ya harusi hajali, sawa. Ila siku ya msiba ndiyo anagundua alichokuwa analipia.

Kwa hiyo bi harusi mtarajiwa, kabla ya kulipa advansi, mwulize mpiga picha wako swali moja tu: orijino zangu zitakaa wapi, na kwa muda gani? Akianza kujiumauma, tafuta mwingine.

Yule mama alizikwa na picha ndogo ya kitambulisho iliyokuzwa, ukungu mtupu. Lakini alama ya shavuni ilionekana, na wajukuu walimtambua bibi yao.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Picha zenu za harusi, orijino anazo nani?