Tovuti ya Usenge yazungumza na nani?

Majuzi nilialikwa Usenge, mji wa wavuvi ulio katika kaunti ya Siaya, ukingoni mwa Ziwa Victoria, nikapitie maandishi ya tovuti ambayo kikundi kimoja cha kujitolea kilikuwa karibu kuizindua. Kikundi hicho huwasaidia wanawake wauzao omena pamoja na watoto wao walio shuleni. Vijana walioniita walitaka jambo moja tu: nisahihishe Kiingereza chao. Kiingereza hakikuwa na makosa makubwa. Kasoro niliyoiona ilikuwa kwingine, na kwa kuwa naamini haiko Usenge pekee, nimeona yafaa tuijadili hadharani.

Ukurasa wa kwanza ulieleza maono na dhamira. Wa pili ulijaa picha za watoto wenye sare zilizochakaa. Wa tatu uliomba fedha. Mfadhili aliye mbali aliitwa "wewe" tangu mwanzo hadi mwisho. Wakazi wa Usenge waliitwa "wao": wao ni maskini, wao wanahitaji, wao watashukuru. Sisi wanaisimu huwafundisha wanafunzi kwamba nafsi ya kwanza na ya pili ni za watu wanaozungumza, ilhali nafsi ya tatu ni ya yule anayezungumziwa. Tovuti ile ilikuwa imewatoa wenyeji nje ya mazungumzo yaliyowahusu.

Jioni tuliteremka ufuoni, omena zikiwa zimeanikwa juu ya nyavu. Mama mmoja alipoonyeshwa kurasa hizo kwenye simu ya kijana, alimtambua binti yake pichani akatabasamu. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, hapa chini wameandika nini?" Maneno yalikuwa ya Kiingereza, nayo yalisema kwamba mtoto huyo ni yatima. Sikuwa na budi kumweleza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Na mimi je, ni nani?"

Vijana wale hawakukusudia ubaya. Waliandika walichodhani kingemgusa msomaji, wala haikuwapitikia kwamba msomaji angeweza kuwa mama mwenyewe. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Swali la kwanza kabla ya kuzindua tovuti ya shirika lisilotafuta faida si la rangi wala la picha. Ni hili: tunazungumza na nani, na je, tunayemzungumzia ataweza kusoma na kutusahihisha?

Wapo watakaosema kwamba akina mama wa ufuoni hawana haja na tovuti. Dai hilo ni dhaifu. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, biashara nyingi za pwani ya ziwa zimekuwa zikilipwa kwa simu. Anayesoma ujumbe wa malipo yake ataweza pia kusoma lini fomu za karo zinapokewa, nani anastahili, na fedha zilizochangwa zimetumikaje, almradi yaandikwe kwa Kidholuo au Kiswahili, kwa maneno machache, katika kurasa zisizobeba picha nzito zinazomaliza data. Mwenye simu ndogo ya vitufe naye apelekewe habari hizo kwa ujumbe mfupi.

Mfano mwema tunao humu humu nchini. Mnamo Januari 2008, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya wachache pamoja na wenzao walianzisha tovuti ya Ushahidi. Raia waliweza kutuma habari za matukio, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, nazo zikawekwa kwenye ramani. Raia hapo alikuwa msemaji. Tetemeko lilipoikumba Haiti mwaka 2010, programu hiyo hiyo ilitumika, na watu wa kujitolea, wengi wao Wahaiti waishio ng'ambo, wakazitafsiri jumbe zilizotumwa kwa Krioli ya Haiti. Walioathiriwa hawakuambiwa wajifunze kwanza lugha ya waokoaji.

Najua fedha hutoka kwa wasomao Kiingereza. Basi ukurasa wa Kiingereza na uwepo, lakini uwe tafsiri ya maneno ambayo wenyeji wameyasoma na kuyakubali. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi sambamba na Kiingereza, tena inaitaka Serikali kukuza lugha za kiasili. Kikundi cha wananchi hakipaswi kubaki nyuma ya katiba yao.

Yako na mambo mengine ambayo hayahitaji fedha nyingi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto; kwa hiyo kila picha ionyeshwe kwa mzazi pamoja na maandishi yake. Anwani ya tovuti, kwa mfano ile inayoishia na .or.ke waliyotengewa wasiotafuta faida, isajiliwe kwa jina la kikundi, si la fundi, na ada ya kuihuisha iwekwe katika bajeti ya kila mwaka, kwani fundi huhama na mradi humalizika. Ateuliwe mtu na siku ya kusahihisha habari. Na kabla ya uzinduzi, wapewe simu mama watatu na mwanafunzi mmoja, mahali penye mtandao hafifu, waambiwe watafute fomu ya karo. Wakishindwa, kosa ni la tovuti.

Walimu na wanafunzi tuna sehemu yetu. Kidato kizima kinaweza kutafsiri kurasa kumi kwa wiki moja, kisha kikawasomea wazee na kurekebisha panapotatiza. Hilo ni somo la ufasaha kuliko insha nyingi tunazowatungisha.

Vijana wa Usenge waliahirisha uzinduzi wao. Walipoanza kuandika upya, walimwita mama yule aseme mwenyewe ni maneno gani yawekwe chini ya picha ya bintiye. Alitaja jina la mtoto, darasa lake, na kwamba hupenda hesabu. Kisha akaongeza: "Andikeni kwamba mama yake huuza omena." Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Tovuti nayo na ianze kwa kuzungumza na watu wa kwao.