Kuku mkongwe akiugua, usikimbilie kisu

Katika mitaa yetu, iwe Kayole, Kisauni au Kondele, si ajabu kukuta kuku wawili watatu wakifugwa nyuma ya nyumba. Aghalabu mmoja wao huwa mkongwe, ameangua vifaranga miaka nenda miaka rudi, na watoto wamempa jina. Siku akikutwa amejikunyata pembeni, mbawa zimelegea na mtama hautaki, baba huulizia kisu nao watoto huanza kulia. Je, mwenye nyumba aamue vipi?

Kwanza, mtenge. Mweke peke yake katika boksi lenye majani makavu, penye joto na pasipo upepo, umpe maji safi. Uzee hauambukizi, lakini ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita kideri, waweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Ukiona wenzake nao wanahema kwa taabu, wanaharisha kijani au wanapinda shingo, huo si uzee. Mwite afisa wa mifugo upesi. Ugonjwa huo hauna tiba. Una chanjo, nayo hupewa kuku aliye mzima.

Pili, mchunguze. Fungua manyoya chini ya mkia utazame chawa na utitiri, kwani utitiri wakizidi humnyonya damu hata kilemba kikapauka. Magamba ya miguu yakiwa yameinuka, mpake mafuta mazito ya kujipaka. Akijikamua bila kutoa kitu, huenda yai limekwama. Mkalishe sehemu ya nyuma katika maji ya vuguvugu kwa dakika 15 hivi. Na kama anapukutisha manyoya tu, huenda haugui. Kuku hubadilisha manyoya kila mwaka, na wakati huo huacha kutaga. Kila ukimshika, nawa mikono kwa sabuni.

Tatu, amua. Ni kweli kwamba ada ya daktari yaweza kupita bei ya kuku mwenyewe. Lakini ukiwa na kuku wengine, hesabu si ya huyo mmoja, ni ya banda zima. Akianza kula na kutembea, mwache astaafu. Kuku aweza kuishi hata miaka 8, ingawa mayai hupungua baada ya miaka miwili ya kwanza. Lakini akishindwa kusimama, hali wala hanywi, na siku zinapita bila nafuu, kumwacha hivyo si huruma. Mtafute mtu anayejua kuchinja, amwondolee mateso haraka.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kuku mgonjwa si kitoweo. Usimpeleke sokoni pia, maana utakuwa umeiuzia jamaa nyingine ugonjwa. Mzike katika shimo refu, wala usimtupe jaani au kumpa mbwa. Na aliyepewa dawa akapona, nyama na mayai yake yasiliwe hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti.

Na watoto? Usiwadanganye kwamba ametoroka. Waeleze mlichoona na kwa nini mkaamua hivyo. Mtoto anayeambiwa ukweli kuhusu kuku hujifunza namna ya kumtunza kiumbe asiyeweza tena kumpa kitu.