Programu zitueleze kinachokosekana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu juu ya watengenezaji wa programu za kompyuta.

Ofisini kwetu tulinunua programu ya kutunza hesabu. Tulipoifungua, tukajibiwa kwamba haiwezi kuanza kwa sababu faili liitwalo MSVCP140.dll halipo. Basi. Haikusema faili hilo ni la nani wala linapatikana wapi. Sisi tuliozoea masijala tunajua kwamba jalada likikosekana, karani hukuambia liko mezani kwa ofisa gani. Aliyetuuzia alipoulizwa alisema kompyuta yetu ni mbovu. Kijana mmoja akalichukua faili hilo kwenye tovuti asiyoijua, akalitia. Ujumbe wa pili ukadai VCRUNTIME140.dll. Akalileta hilo nalo, na safari hii tukapewa namba tu, 0xc000007b, kana kwamba sisi ni wapiga ramli. Siku mbili malipo ya vibarua hayakuandikwa.

Kumbe kompyuta haikuwa na kasoro. Mafaili hayo mawili ni ya kifurushi kimoja cha Visual C++ ambacho kampuni ya Microsoft hukitoa bure, na mtengenezaji anaruhusiwa kukifungasha pamoja na programu yake. Kwa kompyuta zetu za kawaida kipo cha x86 kwa programu za biti 32, na cha x64 kwa zile za biti 64. Kinachoangaliwa ni programu, si mashine: programu ya biti 32 hudai x86 hata ndani ya kompyuta ya biti 64. Namba ile mara nyingi maana yake ni kwamba aina hizo mbili zimechanganywa. Tulipoweka kifurushi kinachofaa, kazi ilianza muda huo huo.

Sasa nauliza, ndugu Mhariri, kulikuwa na ugumu gani kwa hao mabwana kuandika mstari mmoja unaotaja kifurushi hicho na mahali pa kukipata? Wenzetu wa Linux wana amri ya ldd, inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji na kuonyesha isiyopatikana. Sisi tunatajiwa jina la faili tu, na mtu akilitafuta kwa jina hilo anaweza kuangukia mikononi mwa wagawaji wa virusi.

Nawaomba wauzaji waifungue kwanza programu yao kwenye kompyuta isiyo na kitu kabla ya kupokea fedha zetu. Yetu tuliilipia yote siku ya kwanza.

Mtunza Hesabu,
Dodoma.